Swali la Saba

Saa nane usiku, Kutaisi, Januari.
Duka la dawa liko wazi, barabara imelala.
Theluji inaanguka bila haraka, kama mtu asiye na miadi.
Nimepanga dawa za kikohozi, nimezipangua, nimezipanga tena.
Basi simu ikaniuliza:
Wewe ni chombo gani cha jikoni?
Maswali tisa, dakika tatu, bure.

Nani atakataa kujulikana bure?

Rangi: kijani. Mnyama: kunguru.
Ukiingia penye watu wengi, unasimama wapi?
Karibu na makoti, nikabonyeza, nikaona aibu
ingawa hapakuwa na shahidi ila mizani ya watoto wachanga.
Jawabu likaja limezungukwa na nyota:
Wewe ni kichujio cha chai.
Mengi mazuri hupita kwako. Wewe hubaki na makapi.

Makapi! Mimi, Nestan binti Lamara,
mwenye shahada ukutani, na fremu yake!
Nikarudia, na safari hii nikadanganya:
mnyama, simba; penye watu, katikati, nikicheza.
Nikatoka birika.
Hupasha moto nyumba nzima. Halijui kunyamaza likichemka.
Nikatembea na ubirika wangu kutoka kaunta hadi dirishani,
nikarudi. Cha kuazima hakisitiri.

Kengele ya mlango ikalia.
Bwana Vazha, zamani dereva wa trela, theluji kwenye nyusi,
amefuata matone ya Manana, yale ya usingizi.
"Unacheka nini peke yako?"
Nikamwonyesha. Akavaa miwani.

Asubuhi au usiku?
"Manana hupenda asubuhi."
Hapana, wewe.
"Mimi huamka naye."
Chumvi au sukari?
"Daktari amemkataza chumvi."
Wewe, Bwana Vazha!
"Basi na mimi sili."
Hivyo hivyo hadi la tisa,
na simu haina kitufe cha wawili.

Akatoka kifuniko.
Alicheka mpaka akashika rafu ya vitamini.
"Kifuniko! Ngoja nimwambie. Atauliza sufuria ni nani."
Akataka maswali yote kwenye karatasi,
maana simu yake ni ya vitufe na redio.

Kesho yake akarudi, na chupa ya matone haijafika hata nusu.
Akaniwekea karatasi ileile mbele yangu.
Penseli, mwandiko unaotetemeka:
la kwanza, b. La pili, a.
La tatu: zote mbili, kwa nini nichague?
La nne lina doa la supu.

La saba lilikuwa tupu.
Miaka kumi kutoka leo, unajiona wapi?
Hakusahau. Penseli ilikuwa imegusa pale,
nukta moja tu,
kama mtu aliyebisha hodi akaghairi.

Simu haipokei tupu. Nilijaribu kupita, ikanirudisha,
nyekundu, na alama ya mshangao.
Bwana Vazha alikuwa akisoma maboksi ya dawa ya meno,
moja baada ya jingine, kwa bidii,
na mtu huyu, najua, ana meno matatu.

a, ng'ambo ya bahari.
b, katika nyumba kubwa zaidi.
c, palepale nilipo.
Nikabonyeza c. Sikumwomba mtu ruhusa.

Akatoka birika.
Birika lilelile nililoliiba kwa simba wa uongo,
yeye kalipata kitandani, kwa penseli na supu.

"Kweli?"
"Kweli."
"Niandikie, hataniamini."
Nikachukua lebo ya dawa, mwandiko ukaenda wenyewe kwa mazoea:
Manana. Birika.
Kutwa mara moja, kabla ya kulala.

Aliisoma mara mbili. Hakuniuliza lolote kuhusu la saba.
Akaibandika ndani ya kofia yake,
theluji isije ikaifuta,
akaivaa kwa mikono miwili.